Kidonge Nilichompa Jirani Yangu

Mara hii naomba ruhusa yenu niandike juu ya jambo ambalo halihubiriwi sana mimbarini, ingawa limo katika kila nyumba hapa Nakivale. Ni vidonge vya maumivu. Mimi si muuguzi wala daktari. Ni mzee wa kanisa, na kabla ya kukimbia nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kivu ya Kusini. Yale ninayoyajua juu ya dawa nimeyapata kwa kuuliza, na nilianza kuuliza nikiwa nimechelewa.

Swali lililonisumbua ni hili: mtu akimpa mwenzake kitu kwa upendo, na kitu kile kikamdhuru, je, ana hatia? Wengi watajibu haraka kwamba Mungu anaangalia moyo. Na mimi nilijijibu hivyo kwa miezi mingi. Ngoja niwaeleze kilichotokea, kisha mtapima wenyewe.

Jirani yangu ni mzee aliyepita miaka sabini, anaishi na mjukuu wake mmoja. Magoti yake yamechoka. Kila mvua inapoanza huwa anatembea akishika ukuta. Mwaka 2021 mimi nilikuwa na vidonge vya diklofenaki nilivyoandikiwa kituo cha afya kwa sababu ya mgongo. Mgongo ulipopata nafuu vidonge vikabaki, nikavitia ndani ya kikopo pamoja na sindano za kushonea na betri za tochi. Tunafanya hivyo sote. Mkimbizi hatupi kitu.

Jioni moja mzee akaja akikokota mguu, akaniambia, "Mwanangu, huna hata kidonge kimoja?" Nikampa vitano. Jumapili ile alitembea mwenyewe hadi kanisani, akasimama wakati wa shuhuda na kunibariki mbele ya watu wote. Niseme ukweli, nilifurahi kuliko ilivyostahili. Siku ile ile nikampelekea vyote vilivyobaki. Navyo vilipokwisha, alimtuma mjukuu dukani na lile karatasi tupu la vidonge, muuzaji akalisoma na kumpa vingine vya namna ile ile.

Mtakumbuka mgao wetu wa chakula ulipunguzwa mwezi wa Aprili 2020, ukapunguzwa tena mwanzoni mwa 2021. Mzee alikuwa akila mara moja kwa siku, jioni. Lakini vidonge alimeza asubuhi, ili aweze kwenda shambani, na tumboni hakukuwa na kitu isipokuwa chai ya rangi. Baada ya siku kadhaa alisema kifua kinamwaka moto na tumbo linamkata. Nikamwambia ni maharage. Ndiyo, mimi niliyemwambia hivyo.

Asubuhi moja mjukuu alikuja mbio akisema babu anatapika kitu cheusi kama masalio ya kahawa. Choo chake pia kilikuwa cheusi kama lami tangu siku mbili, naye hakuwa amemwambia mtu. Tulimweka kwenye pikipiki katikati ya vijana wawili hadi kituo cha afya, na kutoka pale akapelekwa hospitali akaongezwa damu. Alipona. Bwana asifiwe kwa hilo.

Daktari alimwuliza mbele yangu, "Dawa hizi nani amekupa?" Mzee akajibu, "Nilinunua dukani." Ulikuwa uongo wenye nusu ya ukweli. Nilisimama hatua mbili tu kutoka kitandani. Nikanyamaza.

Sasa turudi kwenye swali. Nilipokuwa nikijitetea moyoni nilikuwa na neno moja tu, kwamba sikujua. Lakini nimegundua kwamba kutojua kuko kwa namna mbili. Kuna kutojua kwa mtu ambaye hakuwa na njia yoyote ya kujua. Na kuna kutojua kwa mtu ambaye majibu yalikuwa karibu naye lakini hakuyaunganisha, kwa sababu alikuwa na haraka ya kutenda mema.

Muuguzi aliyenipa mimi vile vidonge alinieleza: ule kwanza, ndipo umeze, tumbo likianza kuuma, acha na urudi. Aliniambia hivyo nikiwa nimesimama dirishani na watu thelathini nyuma yangu, naye alirudia mara mbili. Kwa hiyo lile la chakula nililijua. Nilimpa mzee vidonge, maneno yake nikabaki nayo mimi. Na kuna la pili linaloniuma zaidi. Mwaka mmoja kabla ya hapo mzee huyu alileta ombi katika maombi ya Ijumaa, kwamba ana vidonda vya tumbo vya tangu Kongo. Nililisoma ombi lile kwa sauti mimi mwenyewe, tukamwekea mikono. Nilijua tumbo lake. Nililiombea, kisha nikalisahau.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19 kuna mfano ambao sisi wakimbizi tunapaswa kuusoma polepole, kwa sababu unahusu miji ya makimbilio. Mtu amekwenda msituni na jirani yake kukata kuni, chuma cha shoka kikachomoka kwenye mpini na kumpiga jirani akafa. Mtu huyo hakuwa na chuki. Sheria haisemi kwamba anastahili kufa, inampa mahali pa kukimbilia ili asilipiziwe kisasi. Lakini tazameni pia kwamba haimwambii arudi nyumbani akaendelee na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Anakimbia, anakaa ugenini. Kuna kitu kati ya kosa la makusudi na kutokuwa na kosa kabisa, na mahali pale pa katikati ndipo nilipokuwa mimi. Tena nikajiuliza: kama mwenye shoka alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba mpini umelegea, je? Mimi niliambiwa.

Basi nilikwenda kwa muuguzi mmoja wa kituo, mama mwenye subira nyingi, nikamwomba anifundishe kama mtoto wa darasa la kwanza. Alianza kwa kuniuliza, "Mzee, kidonge cha maumivu ni kipi?" Nikamwambia ni kile cheupe. Akacheka. Akatoa droo na kunionyesha vidonge vyeupe vya duara vya dawa sita tofauti, na viwili kati yake havikuwa vya maumivu kabisa. Cheupe si jina, alisema.

Nilivyomwelewa, vidonge tunavyonunua bila cheti vimetoka katika koo mbili. Ukoo mmoja ni wa parasetamoli. Panadol ni jina la biashara tu, ndani yake mna parasetamoli, na kuna majina mengine mengi ya kitu kile kile. Ukoo wa pili ni aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ingawa hiyo ya mwisho kwa haki ilipaswa kuandikwa na mganga kwanza, nasi tunainunua kama chumvi. Hizi za ukoo wa pili zinauzuia mwili usitengeneze kemikali fulani zinazoleta uvimbe na maumivu. Shida ni kwamba kemikali za jamii hiyo hiyo ndizo zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo isiliwe na asidi, na ndizo zinazosaidia figo kupata damu ya kutosha. Kwa hiyo dawa iliyotuliza goti la mzee ililivua tumbo lake nguo, tumbo ambalo tayari lilikuwa na kidonda na halikuwa na chakula. Aspirini inaongeza jambo lingine: inachelewesha damu kuganda. Kidonda kikianza kutoa damu, damu inaendelea kutoka.

Ndiyo maana mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye ugonjwa wa moyo au presha, na mtu aliyeishiwa maji kwa kuhara na kutapika, hawapaswi kumeza dawa za ukoo huu bila kuongea na mtu wa afya. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua nazo. Mama mjamzito asizitumie kwa ushauri wa jirani, na hasa kuanzia mwezi wa tano, kwa sababu zinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto aliye tumboni. Kuna mama wajawazito ambao daktari anawapa aspirini kidogo kwa sababu maalumu. Hilo ni la daktari na kipimo chake ni tofauti. Na aspirini asipewe mtoto, wala kijana ambaye hajafika miaka 16, maana iko hatari, ingawa ni ya nadra, ya kuharibu ubongo na ini hasa mtoto anapokuwa na homa ya virusi kama mafua au tetekuwanga.

Niliposikia hayo yote nikasema, basi mimi nimemaliza, sitampa mtu kidonge tena maisha yangu yote. Muuguzi akaniangalia na kuniuliza, "Na ukibishiwa hodi saa nane ya usiku?"

Hapo ndipo swali linapokuwa gumu. Mnajua hali yetu. Kituo kiko mbali, barabara ni tope, mwenye pikipiki usiku anataka pesa ambazo hakuna aliye nazo. Mama anabisha hodi, mtoto mgongoni anaungua kwa homa, na wewe una parasetamoli nyumbani. Kumwambia kwamba siku hizi sitoi dawa, nenda kituoni, si hekima. Ni kunawa mikono. Nimekutana na ndugu waliofika hapo baada ya kuona tatizo kama langu, na wanajisifu kuwa wana tahadhari. Mimi nasema wamejilinda wenyewe. Mtoto yuko pale pale na homa yake.

Kwa hiyo unampa, lakini kwa kipimo. Nimejifunza kwamba parasetamoli kwa mtoto inahesabiwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Kidonge kizima cha mkubwa kina miligramu 500, kwa hiyo mtoto huyo ni robo tu. Nusu inazidi. Asipewe tena kabla ya saa nne hadi sita kupita, wala zaidi ya mara nne katika usiku na mchana mmoja. Dawa ya maji inahitaji macho zaidi, kwa sababu chupa hazifanani: nyingine ina miligramu 120 katika mililita 5, nyingine ina 250. Mama aliyezoea chupa ya kwanza akipata ya pili na kumimina kwa kijiko kile kile, amemzidishia mara mbili bila kukosea hesabu yake. Na kijiko kiwe kile kilichokuja na chupa, maana vijiko vyetu vya jikoni kila kimoja kina ukubwa wake. Mtoto ambaye hajafikisha miezi miwili akiwa na homa, hapo hakuna kidonge cha jirani. Amsheni watu, tafuteni pikipiki, hata kama ni kwa kukopa. Vivyo hivyo mtoto mkubwa zaidi akidegedeka, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, au akilegea na kuwa mgumu kuamka.

Lakini hata ukimpa kwa kipimo sawasawa, bado kuna mtego. Parasetamoli inashusha homa, haiui malaria. Asubuhi mtoto anaonekana mzima, anacheka, mama anasema Mungu ametenda, anakwenda shambani. Mchana homa inarudi, anapewa robo nyingine. Siku ya tatu mtoto anadegedeka. Homa ilikuwa ikiita, na sisi tulikuwa tukiiziba mdomo. Mtoto mwenye homa katika nchi hii yenye malaria anatakiwa apimwe mapema, ndani ya siku ile ya kwanza, si baada ya kuona itakuwaje. Kwa hiyo yule aliyetoa kidonge saa nane ya usiku bado ana deni la asubuhi. Aende abishe hodi kwa yule mama, na kama mama anasita kwa sababu ya foleni au kwa sababu ana watoto wengine wa kuangalia, abaki na hao wengine. Naona hii ndiyo sehemu ya upendo ambayo hatuisimulii wakati wa shuhuda. Kidonge ni rahisi kutoa. Asubuhi ndiyo ghali.

Najua pia manung'uniko yetu. Tunasema, kwa nini nipange foleni tangu alfajiri ili nipewe panadol ile ile ninayoipata kwa jirani? Manung'uniko hayo yana haki yake, nami nimeyatoa mara nyingi, hata kwa maneno makali. Ila foleni ile haikupi kidonge tu. Kuna kupimwa damu, na kuna mtu anayekuuliza maswali. Ukirudi na parasetamoli peke yake baada ya kupimwa, umerudi ukijua kwamba siku hiyo haikuwa malaria. Si kitu kidogo.

Watu wazima nao wana mtego wao katika parasetamoli, na nimeuona hata kati ya wazee wenzangu. Kwa sababu haichomi tumbo, tunadhani haina ubaya wowote. Mtu mzima mwenye afya, anayekula, mwenye uzito unaozidi kilo 50, anaweza kumeza kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, asubiri saa nne hadi sita, na vyote vya siku nzima visipite vinane. Mtu mwembamba sana, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe hapaswi kufika hapo. Aulize kipimo chake. Na hivyo vinane ni kwa siku chache tu, si kwa mwezi.

Anayezidisha anaharibu ini. Ubaya wake ni kwamba halipigi kelele mapema. Siku ya kwanza mtu anaweza kusikia kichefuchefu kidogo, au asisikie kitu kabisa, akacheka na watu. Ini linaanza kushindwa siku ya pili, ya tatu, ya nne, macho yanakuwa ya manjano, na wakati huo kumwokoa ni vigumu. Iko dawa ya kulilinda ini, inaitwa asetilsisteini, nayo inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane baada ya kumeza. Kwa hiyo mtu aliyemeza vingi, awe mtoto aliyechezea kikopo au kijana aliyekata tamaa, apelekwe sasa hivi hata kama anaonekana mzima. Juu ya huyo kijana naomba niongeze neno: apelekwe bila kutukanwa njiani. Maswali ya kanisa yatasubiri, ini halisubiri.

Wengi hawazidishi kwa kukusudia. Asubuhi mtu anameza vidonge viwili vya kichwa. Mchana dukani anapewa dawa ya mafua, nayo ina parasetamoli ndani. Jioni jirani anamgawia kapsuli ya rangi, zile zinazosifiwa sokoni kwamba zinaondoa uchovu wa jembe. Nyingi zimechanganya ibuprofeni na parasetamoli pamoja. Kwa majina amemeza dawa tatu. Kwa ini lake ni dawa moja mara tatu. Watu watatu wamemhurumia siku ile, kila mmoja kwa moyo safi, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza, "Leo umekwisha kumeza nini?"

Hapa naomba niguse mfungo, ingawa nafahamu si wote watapenda. Tunafunga siku tatu, na siku ya pili vichwa vinauma. Nimeona dada zetu wakimeza aspirini kwa maji katikati ya maombi, wakisema dawa si chakula, haivunji mfungo. Sina ubishi juu ya kama inavunja au haivunji. Ninachosema ni kwamba aspirini na ndugu zake kwenye tumbo tupu ni hatari kwa tumbo, na kwamba mwili ulioishiwa akiba ya chakula unahimili parasetamoli kidogo kuliko kawaida. Mtu ambaye hawezi kufunga bila vidonge anaweza kula uji na kuomba. Na sisi viongozi tuache kuwatazama vibaya wanaofungua mapema. Wengine hapa wanafunga bila kutangaziwa, kila mwisho wa mwezi mgao unapokwisha.

Narudi kwa mzee, na kwa ukimya wangu pale kitandani. Alipotoka hospitali nilimwuliza kwa nini alidanganya. Alinijibu, "Ningesemaje, mwanangu? Wewe ulinihurumia." Alikuwa ananilinda. Katika desturi yetu hiyo ni heshima, humtaji aliyekutendea wema. Lakini nilipofikiri, niliona kwamba ukimya ule ulikuwa na hatari kuliko vidonge vyenyewe. Daktari aliuliza ili ajue ni dawa gani, kiasi gani, kwa siku ngapi, na ni nani mwingine katika kijiji anayemeza vitu hivyo hivyo kutoka kikopo kile kile. Hakuwa polisi. Nasi tumekimbia serikali na majeshi, tumehojiwa mipakani, tumehojiwa katika ofisi za kila namna, mpaka kila anayeuliza swali kwetu ni mtu wa kujihadhari naye. Tumejifunza kusema "sijui" kama wengine wanavyojifunza kusema "hodi".

Iko habari katika 2 Wafalme sura ya 4. Kulikuwa na njaa, nabii Elisha akaagiza sufuria kubwa iwekwe motoni. Mmoja akatoka kwenda kondeni kutafuta mboga, akakuta mtango-mwitu, akajaza nguo yake, akarudi na kukatakata ndani ya sufuria. Hakujua ni kitu gani, wala wenzake hawakujua. Sisi tuliowahi kula majani ya porini njiani tunamwelewa vizuri sana huyu mtu. Jina lake halikuandikwa, na nabii hakumkemea. Lakini wale waliokuwa wakila, mara walipoonja, walipiga kelele kwamba ndani ya sufuria mna mauti. Hawakumeza kimya kimya ili wasimwaibishe aliyechuma. Na kwa sababu walipiga kelele, unga uliletwa na chakula kikapona. Nadhani mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Pale ambapo aliyekosea bila kujua hatasutwa, watu wanaweza kusema mapema. Katika kanisa ambalo kila kosa linapelekwa kwenye baraza, mzee mwenye tumbo linalotoka damu atasema ni maharage.

Nilikwenda na mzee aliporudi kituoni kwa uchunguzi. Nikamwambia yule mama muuguzi, "Dawa zile nilimpa mimi. Kumi na saba. Nilijua ale kwanza na sikumwambia. Nilijua ana vidonda." Mzee alinivuta shati. Muuguzi hakupaza sauti. Aliandika, akauliza siku ngapi, akauliza na duka ni lipi, kisha akafungua daftari la matibabu la mzee na kuandika kwa wino mwekundu ukurasa wa kwanza kwamba asipewe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini. Mstari ule haukuwepo tangu alipotoka hospitali. Angeweza kuandikiwa tena na mtu yeyote, maana magoti yalikuwa bado yanauma.

Kikopo changu bado kipo, ila kimebadilika. Kila dawa iko katika karatasi lake lenye jina na tarehe ya mwisho, na zile zilizokuwa zimelegea bila jina nilizirudisha kituoni. Nimekiweka juu, ndani ya sanduku, si karibu na bati ambapo joto la mchana linachoma, wala mahali wajukuu wanapofika. Mke wangu anasema nimekuwa kama mtunza hazina.

Mvua hizi zilizopita, mzee alikuja tena jioni akishika ukuta. "Mwanangu, huna kidonge?" Nikamkalisha. Nikamwuliza kama amekula, tumbo likoje, choo kina rangi gani, na leo amekwisha kumeza nini. Alicheka sana, akasema siku hizi kuomba kidonge kwangu ni kama kuomba hati ya kusafiria. Lakini alijibu yote, moja baada ya jingine. Kwa lile la mwisho alinyamaza kidogo, akaingiza mkono mfukoni na kutoa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na kidonge kimoja, cheupe, cha duara. Alikuwa amepewa na mama mmoja kisimani ambaye alimwonea huruma.

"Hiki ni nini?" akaniuliza.

Nikakigeuza kwenye mwanga wa tochi, upande huu na upande huu. Hakikuwa na herufi. Nikamwambia sijui. Tukakiacha mezani hadi kituo kitakapofunguliwa asubuhi, nikamwita mke wangu atie maji jikoni, tukatafuta kitambaa kizito cha kumkandia magoti.